Somo la Mwezi: Taa za Onyo katika Motokaa Mpya



Motokaa si kitu cha ajabu tena katika nchi zetu. Ziko za hospitali, ziko za shule, ziko za sharika, na wako watu wengi waliojinunulia zao wenyewe kwa fedha waliyoikusanya miaka mingi. Lakini wengi wa hao waendeshao hawakufundishwa maana ya taa ndogo ziwakazo mbele ya dereva. Mtu hununua motokaa mpya, huiendesha juma moja au mawili kwa furaha, kisha siku moja taa ya njano au nyekundu yawaka mbele yake. Ndipo moyo wake hushtuka. Mmoja husema, "Motokaa ni mpya, haiwezi kuwa na ubovu, taa hii yasema uongo," naye huendelea na safari yake. Mwingine husema, "Nimepunjwa," huiacha kando ya njia, asijue la kufanya. Wa tatu humwita fundi wa njiani amwondolee taa ile isimsumbue tena. Wote watatu wamepotea, kila mmoja kwa njia yake.

Basi katika somo la mwezi huu twataka kujifunza taa hizo ni nini, zasema nini, na mwenye motokaa yampasa kufanya nini ziwakapo. Neno kuu la somo ni hili: taa ya onyo ni shahidi. Shahidi aulizwe, asikilizwe mpaka mwisho, wala asizibwe kinywa. Atakaye kuizima taa, na aondoe kwanza sababu iliyoiwasha.

1. TAA HIZI ZILITOKA WAPI?

Motokaa za zamani zilikuwa na geji zenye mishale mbele ya dereva: moja ya kuonyesha nguvu ya oili, moja ya joto la maji, moja ya umeme. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson huko Marekani ilianza kuweka taa mahali pa baadhi ya geji hizo, na baadaye watengenezaji wengine wakafuata. Taa ina faida yake, kwa maana dereva atazamaye njia huiona upesi kuliko mshale. Lakini ina upungufu wake pia. Mshale huonyesha mambo yakiharibika kidogo kidogo. Taa haina neno la katikati. Hunyamaza, hunyamaza, kisha hupiga ukelele. Kwa hiyo taa nyekundu iwakapo, usidhani ya kuwa unayo nafasi ndefu. Mara nyingi jambo lilianza kabla ya taa kusema.

Tena picha za taa hizi hazikuchorwa ovyo. Shirika la Kimataifa la Viwango, liitwalo ISO, limeziweka katika kanuni yake ya 2575, ili motokaa iliyotengenezwa Japani na iliyotengenezwa Ujerumani zitumie alama zilezile. Jambo hili lina faida kubwa kwetu, kwani motokaa nyingi ziletwazo Afrika Mashariki zimetoka Japani, na vitabu vyake vimeandikwa Kijapani. Mtu asiyejua hata neno moja la Kijapani aweza kuzisoma picha hizo, akiisha kufundishwa.

2. MJARIBU SHAHIDI KABLA YA SAFARI

Kabla ya kuwasha injini, fungua swichi hata nafasi ya pili, injini isilie bado. Katika motokaa zenye kitufe badala ya ufunguo, kwa kawaida kitufe hubonyezwa mara mbili bila kukanyaga breki. Hapo taa nyingi za onyo zitawaka pamoja kwa muda mfupi. Usiogope, ndiyo desturi yake. Mtambo wajijaribu wenyewe, na taa zajionyesha ya kuwa ziko hai. Kisha washa injini. Taa hizo zote zapaswa kuzimika baada ya sekunde chache, isipokuwa ya hendibreki ikiwa imevutwa, na ya mkanda wa kiti ikiwa hujaufunga.

Sasa liangalie jambo moja ambalo wengi hawaliangalii. Ikiwa taa ya oili, au ya injini, au ya mifuko ya hewa haikuwaka hata kidogo ulipofungua swichi, hiyo si habari njema. Huenda balbu imekufa, huenda waya umekatika, au yuko mtu aliyeitoa kusudi, ama aliyebandika kitu cheusi juu yake, mnunuzi asione. Taa iwakayo yakuambia ya kuwa pana jambo. Taa isiyoweza kuwaka haitakuambia kamwe, hata injini ikifa. Hiyo ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kitabu cha motokaa chaonyesha ni taa zipi zipaswazo kuwaka wakati wa kufungua swichi. Zijue zako, uzitazame kila asubuhi. Kazi hii haitwai hata nusu dakika.

3. RANGI YASEMA KABLA YA PICHA

Ukisahau maana ya picha, usisahau maana ya rangi.

Nyekundu ni hatari. Simama mahali salama upesi iwezekanavyo.

Njano ni kasoro. Waweza kuendelea kwa uangalifu, lakini mfikie fundi katika siku zilizo karibu.

Kijani na buluu ni habari tu: kitu fulani kinafanya kazi, kama taa za kugeukia au taa kali za mbele. Hapana hofu.

Iko na hali ya nne, nayo ni taa ya njano ya injini ikipepesa, yaani kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Hiyo i karibu na nyekundu, nasi tutaieleza mbele.

Tuliposema "simama upesi," hatukusema kanyaga breki kwa ghafula katikati ya barabara. Punguza mwendo, washa taa za kugeukia za pande zote mbili, toka njiani, weka pembetatu nyuma ya gari mbali kidogo, na abiria washuke upande usiopita magari. Wako watu waliookoka na ubovu wa gari, lakini wakagongwa na gari jingine walipokuwa wakiutazama ubovu ule.

4. TAA NYEKUNDU

(a) Taa ya oili. Picha yake ni birika dogo la mafuta lenye tone mdomoni. Wengi hudhani ya kuwa taa hii yahesabu wingi wa oili. Sivyo. Yaangalia nguvu ya oili inayosukumwa na pampu kupita katika vyuma vya injini. Oili yaweza kuwa nyingi, lakini pampu ikifa au njia ikizibwa, nguvu hakuna. Tena oili yaweza kupungua sana kabla taa haijasema neno. Nguvu ikikosekana, chuma husugua chuma, na injini huweza kunoki kwa dakika chache tu. Kwa hiyo simama, uzime injini papo hapo. Gari likiwa mahali tambarare, ngoja kidogo oili ishuke, chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena, utazame. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza ya aina iliyoandikwa katika kitabu, usipite alama ya juu. Kisha washa injini. Taa ikizimika, nenda polepole kwa fundi, atafute oili ile ilikokwenda. Oili ikiwa imefika alama yake, na taa ingali yawaka, usiwashe tena. Gari na livutwe. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko bei ya injini.

(b) Taa ya joto. Picha yake ni kipima joto kilichosimama katika maji. Injini iliyo nzima hufanya kazi katika joto la karibu nyuzi 90 za Selsiasi. Maji ya rejeta hayachemki upesi kama maji ya sufuria, maana yamefungiwa kwa mfuniko wenye springi, na maji yaliyobanwa hayachemki mpaka joto lipite nyuzi 100. Hapo ndipo ilipo hatari. Ukiufungua mfuniko huo wakati wa moto, ile nguvu iliyoyabana huondoka mara moja, maji hugeuka mvuke, huruka usoni na kumwunguza mtu vibaya. Basi taa hii iwakapo, zima kiyoyozi, simama, zima injini, ungoje nusu saa au zaidi mpaka injini ipoe kabisa. Ndipo utazame maji. Wala usiimwagie injini maji baridi ingali moto, kwani chuma chaweza kupasuka. Wapandao mlima mrefu, kama ule wa Kitonga katika barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa, na wakumbuke neno hili. Katika kupanda kwa namna hiyo injini hufanya kazi nyingi, na mwendo ni mdogo, kwa hiyo upepo wa kuipoza rejeta ni haba. Asemaye, "Nifike juu kwanza, ndipo nitazame," huenda akafika juu na gasketi iliyoungua na silinda hedi iliyopinda. Huenda asifike.

(c) Taa ya betri. Picha yake ni sanduku lenye alama za kuongeza na kutoa. Maana yake ni kwamba betri haipati umeme. Injini iwapo hai, altaneta hutoa volti 14 hivi. Betri peke yake ina volti 12 na kitu. Altaneta ikiacha kazi, gari huendelea kwa akiba ya betri, na akiba hiyo ikiisha, gari huzima popote lilipo. Simama, utazame mkanda unaozungusha altaneta. Ukiwa umekatika, usiendelee, maana katika motokaa nyingi mkanda huohuo huzungusha na pampu ya maji, na joto litafuata mara. Mkanda ukiwa mzima, zima kiyoyozi na redio na kila kisicho cha lazima, ukaelekee kwa fundi aliye karibu. Usizime injini njiani, maana huenda isiwake tena.

(d) Taa ya breki. Picha yake ni duara lenye alama ya mshangao ndani. Kwanza tazama hendibreki, maana mara nyingi imesahauliwa tu. Ikiwa imeteremshwa sawasawa na taa ingali yawaka, tazama mafuta ya breki. Mafuta haya hayaliwi kama petroli. Yakipungua, ama pedi zimelika sana, ama yavuja mahali. Kwa hiyo kuongeza mafuta na kwenda zako ni kuuficha ubovu, si kuuponya. Kanyaga breki gari likiwa limesimama. Ikizama chini au ikiwa laini kama sifongo, usiende hata hatua moja.

Hapa yapasa kuitaja na taa ya njano yenye herufi ABS. Ikiwaka peke yake, breki za kawaida zingalipo, ila ukikanyaga kwa nguvu magurudumu yaweza kujifunga na gari likateleza. Nenda kwa mwendo mdogo mpaka kwa fundi. Lakini ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, gari lisiendeshwe.

(e) Taa ya mifuko ya hewa. Picha yake ni mtu aliyeketi na duara kubwa mbele yake. Taa hii haisimamishi injini, kwa hiyo wengi huidharau miezi na miaka. Lakini maana yake ni kwamba gari likigongana na jingine, mifuko ile huenda isifunguke. Usimruhusu fundi asiyejua kazi hii afungue usukani, maana mfuko hufumuliwa kwa baruti, nao ukifumuka mkononi mwa mtu huumiza.

5. TAA YA NJANO YA INJINI

Hii ndiyo taa isumbuayo watu kuliko zote. Picha yake ni injini yenyewe, na mafundi wetu huiita "cheki injini." Wengi watashangaa wakisikia ya kuwa taa hii haikuamriwa hasa kwa ajili ya kuilinda injini, bali kwa ajili ya kuilinda hewa wanayovuta watu. Jimbo la California katika Marekani, ambako moshi wa motokaa ulikuwa umeufunika mji wa Los Angeles miaka mingi, liliamuru ya kwamba motokaa mpya tangu zile za 1988 ziwe na mtambo wa kujichunguza. Tangu motokaa za 1996 Marekani yote ilitaka mtambo wa namna moja kwa motokaa zote, na katika Ulaya motokaa mpya za petroli zilifuata tangu 2001. Basi taa hii huwaka mtambo ule uonapo ya kuwa kitu fulani kinaweza kuuchafua moshi kupita kiasi. Pengine ni jambo dogo, pengine ni kubwa. Taa peke yake haisemi ni lipi.

Lakini mtambo umeandika. Chini ya dashibodi, karibu na usukani, mna soketi yenye nafasi 16, na fundi akichomeka mashine yake hapo, husoma nambari ya ubovu. Kwa mfano P0301 husema kwamba silinda ya kwanza haichomi sawasawa. P0171 husema kwamba injini yapata hewa nyingi kuliko petroli. Tena mtambo huweka kumbukumbu ya hali ya gari wakati ule: mwendo wake, joto lake, na mzunguko wa injini.

Hapa wengi hupoteza fedha zao. Nambari si hukumu. Nambari ni neno la shahidi. Tuitwae hiyo P0171. Huenda mpira wa hewa umepasuka, na hewa yaingia isipopimwa. Huenda kifaa cha kupima hewa kimechafuka. Huenda pampu ya petroli imechoka, au chujio limeziba. Sababu ni nne, nambari ni moja. Fundi mvivu husoma nambari, hukutajia kifaa, nawe wakinunua kwa bei kubwa, na juma lijalo taa yawaka tena. Fundi mwema husoma nambari, kisha hupima mpaka aione sababu. Kwa hiyo mwulize fundi wako, "Umejuaje ya kuwa ni kifaa hiki?" Asiyeweza kujibu hajapima.

Taa hii ikiwaka bila kupepesa, na gari laenda kama siku zote, tazama oili na joto, tazama kama kifuniko cha tangi kimekazwa, maana katika motokaa nyingine kifuniko kilicholegea chatosha kuiwasha. Kisha nenda kwa fundi katika siku chache. Ubovu ukiisha ondoka, mtambo huizima taa wenyewe baada ya safari kadha, pasipo mtu kuigusa.

Lakini ikipepesa, na injini ikitetemeka, jambo ni jingine. Maana yake petroli yapita bila kuungua, na kuingia katika kile chombo cha kusafishia moshi, ambacho mafundi hukiita masega, kwa kuwa ndani yake kina matundu madogo kama sega la nyuki. Petroli ile huungua humo ndani, masega hupata moto mkali, huweza kuyeyuka na kuziba njia ya moshi. Nayo masega ni miongoni mwa vitu vya bei kubwa katika gari. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, usimame karibu. Wala usisimame juu ya majani makavu, maana joto la chini ya gari laweza kuyawasha.

Iko na taa ya njano ya upepo wa tairi, yenye picha ya tairi lililokatwa na alama ya mshangao ndani. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 2000, baada ya watu wengi kufa kwa tairi zilizopasuka, na tangu Septemba 2007 motokaa zote ndogo mpya za huko sharti ziwe na taa hii. Ulaya ilitaka vivyo hivyo kwa motokaa zote mpya tangu Novemba 2014. Kanuni ya Marekani yataka taa iwake upepo upunguapo kwa asilimia 25. Basi tairi lipaswalo kuwa na upepo wa 32, taa yaweza kunyamaza mpaka lifike 24. Hapo tairi limekwisha kuwa laini na kupata moto. Kwa sababu hiyo taa haituondolei kazi ya kupima upepo wenyewe asubuhi, tairi zikiwa baridi.

6. MOTOKAA IKIWA MPYA KWELI

Mwenye motokaa iliyotoka kiwandani anayo silaha ambayo wengine hawana, nayo ni dhamana, ambayo wengine huiita waranti. Ni ahadi iliyoandikwa, ya miaka kadha au kilometa kadha, kwamba ubovu wa kiwanda utatengenezwa bila malipo. Lakini ahadi hii hupotea kwa haraka mikononi mwa asiyejua kuitunza. Taa ikiwaka katika motokaa ya namna hii, fanya hivi:

Kwanza, tii rangi, kama tulivyosema. Dhamana haikupi ruhusa ya kuendesha gari lenye taa nyekundu. Muuzaji aweza kusema kwa haki, "Ubovu ulikuwa wetu, lakini injini umeiua wewe."

Pili, piga picha ya taa, ukaandike siku, saa, kilometa, mwendo, na jambo ulilokuwa ukifanya. Ubovu mwingine huja na kwenda, na siku ya kumfikia fundi taa imezimika. Maandiko yako ndiyo yatakayomwongoza.

Tatu, tazama kitabu kama taa ile ni ya ubovu au ni ya ukumbusho. Taa yenye picha ya spana katika motokaa nyingi yasema tu kwamba wakati wa kubadilisha oili umefika.

Nne, usimruhusu mtu mwingine afungue, akate waya, au afute nambari kabla ya muuzaji kuiona. Akiisha kugusa, mabishano huanza: nani aliyeharibu?

Tano, usikubali kurudishiwa gari kwa maneno tu, "Tumeizima, nenda." Taka karatasi yenye tarehe, kilometa, nambari iliyosomwa, na kazi iliyofanywa. Karatasi hii yaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini taa ileile ikirudi dhamana ikiisha, ndiyo itakayoonyesha ya kuwa ubovu ulianza siku za ahadi, wala haukuondolewa. Asiye na karatasi atalipa mwenyewe.

7. MOTOKAA IKIWA MPYA KWAKO TU

Kwetu wengi, tusemapo "nimenunua motokaa mpya," twasema habari ya motokaa iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Hata katika Kenya, ambako motokaa iliyopita miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa, mnunuzi hupokea kitu chenye historia asiyoijua. Hapa hapana dhamana ya kiwanda kwa kawaida. Macho yako ndiyo dhamana.

Nenda ukaitazame injini ikiwa baridi, kabla muuzaji hajaiwasha. Fungua swichi, uhesabu taa, kama tulivyofundishana katika sehemu ya pili. Isiyowaka, iulize. Kisha mchukue fundi wako na mashine yake. Huenda mashine isionyeshe nambari yo yote, nawe ukafurahi. Usifurahi upesi. Akiisha kufuta nambari au kufungua betri, mtu huweza kuyafuta na majaribio ambayo mtambo huyafanya wenyewe, nayo huhitaji siku kadha za kuendesha mpaka yakamilike tena. Mashine huonyesha kama yamekamilika au la. Yakiwa hayajakamilika, mwulize muuzaji kwa adabu ni nani aliyeyafuta, na kwa nini. Pengine sababu ni njema. Betri ilikuwa imekufa ikabadilishwa. Basi na aliendeshe siku chache, nawe urudi kulipima tena kabla ya kulipa. Auzaye gari zima hatakataa. Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini katika biashara hii afichaye ni mmoja, na aumbuliwaye ni mwingine.

Na wewe siku ya kuuza gari lako, usimfanyie mwenzako jambo hili. Anayelinunua atapandisha humo watoto wake.

8. KWA VIONGOZI WA SHARIKA NA SHULE

Gari la watu wengi huharibika kuliko gari la mtu mmoja, kwa sababu kila dereva hudhani ya kuwa mwenzake amekwisha kusema. Afadhali kiwekwe daftari ndani ya gari. Kila dereva aandike kilometa, oili, maji, upepo wa tairi, na taa yo yote aliyoiona, pamoja na siku. Tena dereva asiadhibiwe kwa kuleta habari ya taa, wala asilazimishwe kuondoka taa nyekundu ingali yawaka kwa kuwa watu wanangoja. Mkubwa amkasirikiaye mleta habari atafundisha madereva wake kunyamaza, na hapo gari litakuwa na mashahidi wawili waliozibwa vinywa: taa na dereva.

Walimu waweza kulisoma somo hili pamoja na madereva na vijana, gari likiwa mbele yao na swichi imefunguliwa, ili kila mmoja azitazame taa kwa macho yake.

MASWALI

1. Taa ya oili yapima nini? Kwa nini haitoshi kuitegemea ili kujua wingi wa oili?
2. Ukifungua swichi na taa ya injini isiwake kabisa, utafikiri nini?
3. Kwa nini haifai kufungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto?
4. Taa ya ABS ikiwaka peke yake, na ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, kuna tofauti gani?
5. Fundi amesoma nambari akakuambia ununue kifaa. Utamwuliza swali gani kwanza?
6. Gari lako lina dhamana, na taa imezimwa na muuzaji. Utataka kitu gani kabla ya kuondoka, na kitakufaa wakati gani?